Kadi Zilizosimama Juu ya Chuma

Kwa miaka kumi na minne Gordon Opiyo aliandika habari za wafanyakazi wenzake, na katika miaka yote hiyo aliandika uongo mmoja tu. Wako watu ambao kwa hesabu kama hiyo wangeomba medali. Yeye uongo ule mmoja ulimkaa kama mwiba wa samaki kooni, haumezeki wala hautemeki, na kila baada ya miezi mitatu alilazimika kuketi mbele ya taipu ileile aliyouandikia.

Alikuwa msaidizi mwandamizi katika maktaba kuu ya chuo kikuu, pale Kisumu, mahali unapofungua dirisha ukaliona ziwa. Maktaba hiyo ilikuwa na watoto wawili: chumba kimoja Ahero, karibu na mashamba ya mpunga, na kingine Port Victoria, walikokaa watafiti wa samaki. Ili watoto wasimsahau mama, kila robo ya mwaka kulitoka karatasi ya habari, kurasa mbili zilizopigwa taipu kwenye stensili, karatasi ya nta, na kuzungushwa kwenye mashine iliyochafua vidole wino. Humo ulisoma nani kaoa, nani kajifungua, nani kafiwa, nani kapelekwa kozi. Ulisoma kwamba chumba cha Ahero kimefunguliwa tena baada ya mafuriko, na kwamba vitabu vya rafu za chini vimeanikwa juani kama omena, dagaa wa ziwani. Gordon ndiye aliyeichapa kwa sababu alikuwa na lugha nzuri kuliko wote, na kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, sauti ya besi katika kwaya ya kanisa. Kwao ni upande wa Katito, lakini Kisumu ilikuwa imeshamzoea. Mtu akibishana kuhusu jambo lolote pale maktabani, waliambizana, "Ngoja tuulize Opiyo." Aliwafundisha kazi vijana wote walioingia, na sheria yake ya kwanza ilikuwa ya chuma.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, nieleze. Kabla ya kompyuta, kila kitabu kilikuwa na kadi zake tatu, na kadi zilikaa katika kabati kubwa la katalogi, lenye droo ndefu kama mkono. Katika kila droo chuma chembamba kilipita ndani ya matundu ya kadi zote, ili msomaji asije akachomoa kadi akaenda nayo. Kadi mpya haikuingizwa moja kwa moja. Mfanyakazi mdogo aliisimamisha mahali pake juu ya chuma, kichwa kikichomoza kuliko wenzake. Kisha mkubwa alipita, akatazama kama iko mahali sahihi, na akiridhika akakivuta chuma, kadi ikaanguka chini, chuma kikarudi. "Mdogo anasimamisha, mkubwa anaangusha," Gordon alisema kila mara. "Kadi ambayo haijakaguliwa, haianguki. Hata Vice-Chancellor akikuambia."

Mwishoni mwa mwaka 1983 aliletewa msichana wa miaka ishirini, Rehma, binti ya fundi Hemedi wa Kaloleni. Alikuja na ushungi wake na penseli, na mikono iliyopanga kadi haraka hadi wenzake wakamwambia apunguze mwendo asiwaharibie. Tena alikuwa na tabia aliyoibuni mwenyewe. Nyuma ya kila kadi aliandika kwa penseli herufi mbili za jina lake na tarehe, ndogo kabisa, pembeni.

"Ya nini hiyo?" Gordon alimuuliza.

"Ili nikikosea, Mwalimu, ujue ni mimi, uniambie."

Gordon alicheka, akampenda kwa hilo. Fundi Hemedi naye, alipoletewa karatasi ya habari iliyotangaza kwamba bintiye ameajiriwa, aliigongomea ukutani kwa misumari minne midogo, juu kabisa ya picha za mitindo ya suti. Gordon aliiona huko mwenyewe siku alipokwenda kupunguziwa suruali, na mzee alimkatalia pesa. "Mwalimu wa mtoto wangu? Hapana."

Basi ikafika Machi 1984. Tume ya wageni kutoka Nairobi ilikuwa inakuja kuitazama maktaba, na mkutubi mkuu, Bwana Wakhisi, alikuwa hali wala halali. Gordon naye alikuwa hajakagua kadi hata moja kwa wiki saba. Hakuwa mvivu. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya Pasaka, na moyo wake ulikuwa huko. Siku ya wageni, saa mbili asubuhi, alivuta droo ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kumi. Kote kadi zilikuwa zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Zilipita elfu moja na mia mbili, na wageni walikuwa wanafika saa nne.

Mtu mwingine angevuta vyuma, kadi zote zikaanguka, kazi ikaisha kwa nusu saa. Gordon hakuweza. Kadi ambayo haijakaguliwa haianguki! Alichukua katoni tupu ya mafuta ya kupikia, akazichomoa zote moja moja, akazipanga humo, akaisukuma katoni chini ya meza. Aliona bora kuzitoa kuliko kuziangusha bila kuzitazama. Ndivyo mtu anavyoweza kuishika sheria kwa mkono mmoja na kumnyonga nayo mwenzake kwa mkono wa pili. Alijiambia atazirudisha Jumatatu.

Rehma hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Ahero anasaidia kuanika vitabu. Aliporudi alizikuta droo ziko sawa kama meza, akaja mbio hadi kwa Gordon.

"Umezimaliza zote, Mwalimu? Peke yako? Asante sana."

Gordon angeweza kusema hapo. Kinywa kilikuwa wazi kabisa. Badala yake alisema, "Kazi ni kazi," akaendelea kuchonga penseli.

Wageni walizisifu droo. Mwezi Mei, Gordon alichapa kwa vidole vyake mwenyewe kwamba Bwana G. Opiyo amepandishwa cheo kwa sababu ya umakini wake. Jumatatu zilikuja na kupita. Katoni ilitoka chini ya meza, ikaenda nyuma ya magazeti ya zamani, kisha ikaingia katika kabati lake lenye kufuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ukuta ulishaanza kupanda, kwa maana kuzirudisha kadi zile kulihitaji siku nyingi mbele ya macho ya watu, na mtu wa kwanza kupita angeuliza, "Opiyo, hizi zimetoka wapi?"

Mwezi wa sita, mhadhiri mmoja wa kilimo aliingia akapiga meza ya mapokezi. Alikuwa ameulizia kitabu cha wadudu wa mpunga mara tatu, na mara tatu watu wa meza wakatazama katalogi wakamwambia hakipo. Sasa amekiona kwa macho yake rafuni, na pembeni yake vingine vitano ambavyo pia "havipo." Bwana Wakhisi akawaita Gordon na Rehma ofisini. Daftari la kazi lilikuwa mezani, limefunguliwa.

"Vitabu viko kwa shelf, kwa katalogi hakuna," Wakhisi alisema. "Hapa daftari inasema nani alifile? Rehma."

"Ni mimi, sir. Zote nilizisimamisha juu ya chuma."

"Opiyo. Wewe ndio unakagua. Uliziona?"

Swali hilo lilikuwa na jibu fupi, na Gordon alikuwa na muda wa pumzi moja. Alifikiria cheo chake cha wiki tano. Alifikiria kwaya. Alifikiria katoni iliyokuwa hatua ishirini kutoka pale alipokaa.

"Sikuziona," alisema.

Rehma aligeuka akamtazama. Laiti angemtazama kwa hasira! Alimtazama jinsi mtu anavyotazama saa kubwa ya ukutani akiona haipatani na ile ya mkononi mwake, na baada ya kitambo akairekebisha ya mkononi.

"Basi labda nilikosea, sir," alisema. "Labda nilizipeleka droo zingine."

Kwa wiki mbili alizitafuta. Saa ya chakula, wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki mbele ya kabati akipekua droo baada ya droo, kadi baada ya kadi, midomo ikitembea kimya kimya. Gordon alipita nyuma yake na kikombe cha chai. Alipita kila siku.

Agosti, Wakhisi alimwita Gordon kuandika habari moja ya ziada. Alimsomea, naye akachapa: Kutokana na makosa ya upangaji wa kadi, Bi. R. Hemedi amehamishiwa chumba cha Port Victoria, ambako kazi ni nyepesi. Angeweza kuomba maneno ya mwanzo yaondolewe. Aibu ilimjaa hadi masikioni, lakini vidole havikutetemeka. Stensili ilikuwa na dawa yake nyekundu ya kufutia makosa, na siku hiyo hakuihitaji hata tone.

Mwezi uliofuata alipeleka suruali Kaloleni. Ukutani palibaki matundu manne ya misumari na doa jeupe kidogo la umbo la karatasi. Fundi Hemedi alimpima, akamwandikia, akasema, "Siku ya Alhamisi." Hakumtaja bintiye. Safari hiyo alizipokea pesa. Gordon hakukanyaga tena pale. Alitafuta fundi wa soko la Kibuye ambaye alikuwa akimharibia mifuko, na hata binti mkubwa wa Gordon mwenyewe alipoolewa, baba akashonewa suti huko huko, suti mbaya, akaivaa mbele ya watu mia tatu. Mwaka 1991 alichapa, chini kabisa ya ukurasa wa pili: Bi. R. Hemedi wa Port Victoria amefiwa na babake mpendwa. Maktaba inampa pole.

Hivi ndivyo miaka ilivyokwenda. Wasomaji waliuliza vitabu vile, wakaambiwa havipo, wakaenda zao. Gordon akawa mzee wa maktaba, mtu asiyekosea, na kadiri walivyomheshimu ndivyo alivyozidi kujichukia, maana siri ya mtungi aijuaye kata.

Septemba 1996, Rehma alirudi.

Kule Port Victoria, kwenye kazi nyepesi, watafiti wa samaki walikuwa wameletewa kompyuta, na kwa mwaka mzima hakuna aliyetaka kuigusa. Rehma aliigusa. Akasoma vitabu vyake usiku na mchana, akapelekwa kozi Nairobi ya miezi kumi, akarudi akaingiza ripoti zote za samaki ndani ya mashine. Sasa maktaba kuu ilitaka katalogi nzima iingizwe hivyo, na aliyejua ni mmoja tu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, miwani, na watoto wawili. Alipita meza zote akaenda kwanza kwa Gordon.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Gordon alisema, na sauti yake ya besi ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

Kazi ilikuwa rahisi kuielewa. Rehma na wenzake walitembea rafu kwa rafu, wakachukua kitabu, wakaitafuta kadi yake, wakaingiza yote mawili kwenye kompyuta. Kitabu kilichokosa kadi kiliwekwa mezani. Dirishani gugumaji lilikuwa limefunika ziwa hadi gatini, kijani kitupu, na ndani meza ikajaa vitabu, ikaongezwa meza ya pili. Mwisho wa Novemba vilikuwa mia nne na kumi na mbili, na vyote vilikuwa vimeingia maktabani kati ya Januari na Machi 1984. Gordon alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu.

Jumanne moja Rehma alivuta kiti akakaa mbele yake na orodha mkononi.

"Mwalimu, ni zile kadi zangu."

Gordon alizipanga upya kalamu zake mbili mezani.

"Miaka kumi na mbili najiuliza mikono yangu ilizipeleka wapi. Sasa tumepitia droo zote, hakuna hata moja. Unajua huwa nafikiria nini? Kwamba sikuzipanga kabisa. Kwamba niliandika kwa daftari tu, nikajiamini." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Mtu anaweza kujidanganya hivyo bila kujua?"

"Mtu anaweza kujidanganya," Gordon alisema.

"Basi nimemwandikia Bwana Wakhisi. Nimesema pengo hilo ni langu. Afadhali niseme mwenyewe." Akatoa karatasi nyingine. "Na hii ni ya habari za wafanyakazi. Ya kukuaga. Utaichapa mwenyewe, pole, lakini nani mwingine anajua kuchapa?"

Alipoondoka Gordon aliisoma. Iliandikwa kwamba Mwalimu Opiyo alimfundisha kukagua mara mbili, na kwamba alipokosea mwaka 1984, Mwalimu hakumkemea hata siku moja. Aliilaza kifudifudi mezani.

Kesho yake Wakhisi alimwita. Nywele za mkutubi mkuu zilikuwa zimekwisha, lakini kiti kilikuwa kilekile.

"Opiyo, committee inakaa Friday kuchagua mkuu wa sehemu ya kompyuta. Huyu Rehma ni hodari, siwezi kukataa. Lakini ndiye alipoteza zile kadi, na sasa amekubali kwa maandishi. Unapatia mtu kama huyo katalogi yote? Wewe ndio ulimfundisha. Nitafuata vile utasema."

Gordon aliona kwamba anaulizwa swali lile lile, katika chumba kile kile. "Nipe mpaka kesho," alisema.

Jioni hiyo hakugusa samaki. Mkewe, Bilha, alikisogeza chakula mara mbili, kisha akakaa, akamwita mwana wa Katito kwa lugha yao. "Wuod Katito, sema." Basi akasema, kwa mara ya kwanza, tangu katoni hadi kwenye suti. Bilha alikifunika chakula kwa sahani.

"Kumbe ndio maana ulikataa Hemedi akushonee ile suti," alisema. "Mimi nilikuambia watu wanacheka hiyo mifuko. Nilifikiri ni bei."

"Nifanye nini, Bilha?"

"Unaniuliza nini? Mzee wa watu alikufa akijua mtoto wake hajui kazi. Hiyo katoni haiwezi kuingia hapa kwangu ukistaafu. Mimi sitalala na hiyo katoni."

Alhamisi, saa nne, Gordon alilifungua kabati lake. Katoni ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka. Aliibeba kifuani akapita nayo katikati ya chumba cha kusomea, wanafunzi wakainua vichwa, tarishi akataka kumsaidia, akakataa. Aliiweka mbele ya Rehma, kando ya kompyuta, akabaki amesimama.

Rehma aliifungua akidhani ni karatasi za taipu. Akatoa kadi moja. Akaigeuza nyuma. Penseli haikuwa imefutika: herufi zake mbili, na tarehe ya Februari 1984. Akatoa ya pili, akaigeuza. Ya tatu. Alipofika kama ya kumi aliacha kuzigeuza.

"Zilikuwa wapi?"

"Kwa kabati yangu."

"Tangu lini?"

"Ile siku ya wageni. Nilikuwa sijakagua. Nilizitoa, nikasema nitarudisha."

"Siku ile Bwana Wakhisi anakuuliza kama uliziona..."

"Nilikuwa najua ziko wapi."

Rehma alivua miwani, akaipangusa kwa pembe ya ushungi, akairudisha. Gordon alingoja matusi. Alikuwa ameyatayarishia kifua usiku kucha, na yangemfaa.

"Nilikuwa naota hizi kadi," Rehma alisema taratibu. "Hata baada ya kuzaa. Naamka naangalia mikono yangu." Akasimama. "Ibebe katoni, Bwana Opiyo. Twende ofisini."

Bwana Opiyo. Tangu aijue maktaba ile hakuwahi kumwita hivyo. Gordon alilisikia jina lake mwenyewe kama la mtu mwingine aliyetajwa kwa ubaya, akainama, akaibeba katoni.

Wakhisi alisikiliza yote, akainuka, akaufunga mlango. Akakaa tena, akageuza kadi moja kwa muda mrefu.

"Opiyo, umebakisha wiki tatu," alisema. "Mimi mwenyewe nitaonekana vipi? Tufanye hivi. Nitaambia committee kadi zimepatikana store, hakuna mtu wa kulaumiwa. Rehma anapata kazi yake. Wewe unaenda nyumbani na heshima. Imeisha."

Na moyo wa Gordon ukaruka kwa furaha. Uliruka kweli, kama wa mtu aliyefunguliwa pingu, na hapo ndipo aibu ilipompata sawasawa. Katoni, uongo, fundi, vyote vilikuwa vya zamani. Furaha hii ilikuwa ya sasa hivi, naye akajua kwamba mtu aliyesema "Sikuziona" bado yuko hai humu ndani, na anapumua.

"Sir," Rehma alisema, "ile lawama ya kwanza iliandikwa kwa karatasi ya habari. Baba yangu aliisoma."

Mkutubi mkuu alimtazama Gordon, naye Gordon alitazama vidole vyake.

"Nitaiandika mimi," alisema.

Aliiandika mchana huo huo, na aliiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, mahali pa habari za kupandishwa vyeo. Mwezi Agosti 1984 karatasi hii ilisema kwamba Bi. R. Hemedi alifanya makosa ya upangaji wa kadi. Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Bi. Hemedi alizipanga kadi zote. Mimi, G. Opiyo, nilizitoa, nikazificha, na nilipoulizwa nikasema sikuziona. Ilikuwa mistari mitano tu. Alikosea herufi mara saba, na dawa nyekundu ikaisha.

Ijumaa asubuhi ilikuwa ubaoni. Watu walisoma, wakatazamana, wakatawanyika bila kelele, na hicho ndicho kilichomuumiza, kwa sababu kwa miaka yote maktaba ile ilikuwa na kelele za kutosha kwa mambo madogo zaidi. Kamati ilimpa Rehma kazi. Chai ya kumuaga Gordon, iliyokuwa imeshapangwa mchana wa siku hiyo hiyo, haikufutwa, ila kila mtu alikuja akachukua kikombe chake akarudi nacho mezani kwake, na hapakuwa na hotuba. Rehma alikuja kuchukua nakala mbili za karatasi ya habari.

"Moja ya faili," alisema, "moja ya kupeleka Kaloleni. Ndugu yangu ndiye anashona pale sasa. Ile misumari bado iko kwa kopo." Kisha akanyoosha mkono. "Na ile niliyokuandikia ya kukuaga, nirudishie."

Alimrudishia.

Zilibaki siku kumi na tano za kazi. Jumatatu Rehma alivuta viti viwili mbele ya kabati la katalogi, akaweka katoni katikati.

"Zisimamishe," alisema.

"Kabati linaondolewa Januari," Gordon alisema. "Zote zitakuwa kwa kompyuta."

"Najua. Mimi ndiye naliondoa."

Akakaa, akaanza. Kwa vidole vya mzee wa miaka hamsini na mitano alizisimamisha kadi juu ya chuma moja moja, na nyuma ya kila moja penseli ya msichana wa miaka ishirini ilimtazama. Wanafunzi walipita. Wafanyakazi walipita na vikombe vya chai. Rehma alimfuata droo kwa droo, akatazama kila kadi, na alipoona imekosewa aliichomoa akamwekea kiganjani bila neno. Ikiwa sahihi alikivuta chuma, kadi ikaanguka, chuma kikarudi. Gordon alikuwa hajawahi kujua, kwa miaka yote ile ya kuwa mkubwa, jinsi sauti ile inavyosikika kwa yule anayeisubiri.

Siku ya tatu, droo ya ishirini na mbili, alishindwa kuvumilia.

"Rehma," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Rehma alikuwa ameinamia kadi ya kitabu cha wadudu wa mpunga. Aliitazama mbele, akaigeuza akaitazama nyuma, akairudisha mahali pake. Akakivuta chuma. Kadi ikaanguka.

"Droo inayofuata, Bwana Opiyo," alisema.